Mbavu Tatu za Sindano

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulie!

Ina miguu mingapi?

— Minne!

Inatembea au inakimbia?

— Inakimbia!

Basi kunjeni miguu yenu isije ikakanyagwa, maana hii ya leo haijui kukaa.

Hapo zamani za kale, wanyama waliposema na watu wakawajibu, palikuwa na kijiji kimoja kando ya mbuga pana. Watu wa kijiji hicho walilima kunde. Kunde wakazila, majani yake wakayafanya mboga, na maganda wakawapa mbuzi.

Walikuwa na desturi yao moja, sijui waliitoa wapi. Waliitafuta njaa ya nyumba kwenye mbavu za mbwa. Mgeni akifika uani, kabla ya kupiga hodi, anamtazama mbwa. Mbwa akiwa mnene, nyumba hii wanapika. Mbwa akionekana mbavu, hapa pana njaa, na mwenye nyumba atasemwa mpaka kisimani. Hata mshenga akitumwa kuposa, kwanza anamtazama mbwa, ndipo anamtazama binti. Msicheke. Na ninyi mna zenu.

Katika kijiji hicho aliishi mjane mmoja, jina lake Nyamizi. Nyamizi alikuwa mtu asiyejua kutulia. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anasahau alichoinukia. Na mwaka huo alikuwa na sababu. Mumewe alikuwa amefariki, na matanga yalipoisha tu, shemeji yake Lugendo alikuja akasimama uani.

"Pole tena kwa msiba, shemeji," alisema Lugendo. "Lakini taratibu zetu unazijua. Siku ya kupima mavuno, ulete vikapu vitatu vya kunde kavu uwanjani pa ukoo. Ukivileta, shamba la marehemu ni lako mpaka unaingia kaburini. Kikipungua kimoja, shamba linarudi kwangu."

"Na mimi niende wapi?"

"Kwenu si kupo?"

Kwao hakukuwa na mtu tena. Kulikuwa na msingi wa nyumba na magugu. Lugendo alilijua hilo, na ndiyo maana aliuliza huku amekwisha kugeuka kwenda zake.

Tangu siku hiyo Nyamizi alikwenda shambani, akatazama matuta, akarudi nyumbani, akakwenda tena. Kunde zilichipua vizuri. Lakini mbugani palikuwa na Sungura, na Sungura naye aliziona zikichipua.

Basi siku moja akapita mgeni kutoka nchi kavu za kaskazini, mfuga ngamia, jina lake Guyo. Mguu wake ulikuwa umevimba. Nyamizi alimpa mkeka, akamkanda kwa maji ya moto siku tisa mpaka akapona. Guyo hakuwa na kitu cha kumpa ila mbwa aliyekuwa akitembea naye.

Mbwa gani yule! Miguu mirefu, kiuno chembamba, kifua kimeshuka, pua imechongoka, na macho yanayotazama mbali kuliko unavyotazama wewe. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Nyamizi alimtazama akasema, "Huyu ni sindano." Jina likawa ndilo hilo.

Guyo alisema, "Mama, mbwa huyu si wa kulinda mlango. Nisikilize mambo matatu. Mbavu zake tatu za mwisho zionekane. Ukiona ya nne, mwongeze chakula. Ukikosa ya tatu, mpunguze. Hilo moja. Kila asubuhi mpeleke uwandani, akimbie mpaka mwenyewe aseme basi. Hilo la pili. Na ngozi yake ni nyembamba, hana mafuta chini yake. Baridi ikija, mfunike. Umeshika?"

"Nimeshika," alisema Nyamizi.

Alishika. Kushika si kazi. Kazi ni kutoachia.

Kila asubuhi Nyamizi alimfunika Sindano kaniki yake ya zamani, wakaenda mpaka ukingoni mwa mbuga. Hapo aliivua ile kaniki akasema, "Haya." Sindano aliondoka. Humwoni akianza, unamwona akiwa amefika. Anapiga duara moja, anapiga la pili, anapiga la tatu, kisha anarudi ulimi nje, analala kwenye mkeka wa Nyamizi mpaka jioni, kana kwamba mkeka aliununua yeye.

Na Sungura? Sungura alikuwa na taabu. Akijaribu kuingia kwenye kunde asubuhi, Sindano huyo! Akijaribu jioni, Sindano huyo! Siku ya tatu alikimbizwa mpaka miguu ikagoma. Akajikunja chini ya kichaka, akakaa kimya, akangoja kufa.

Sindano alipita hatua mbili tu kutoka pale. Akatazama huku, akatazama kule, akaenda zake.

Sungura alifungua jicho moja. "Kumbe!" alisema. "Huyu anawinda kwa macho. Pua ile ni pambo. Nisipokimbia, hanijui."

Mtu mwingine angeshukuru akahama. Sungura alikwenda kutafuta kofia.

Wakati huo kijijini watu walikuwa wameanza kusema. Jirani yake Nyamizi, Kabula, alikuwa na mbwa mnene aliyelala mlangoni mpaka watu wakawa wanamruka. Kabula alisimama kwenye ua akaita, "Shoga! Huyo mbwa au ngazi? Mbona zinahesabika? Na hiyo kaniki umemvika wewe, au amerithi kwa bibi yake?"

Wanawake wa kisimani wakacheka. Nyamizi naye akacheka, lakini moyoni alichomwa. Maana aliisikia sauti ya Lugendo ikisema, "Mnaona? Mbwa wa marehemu ndugu yangu angekuwa hivi?" Usiku Nyamizi aligeuka kulia, akageuka kushoto.

Kulipokucha, mganga akapiga hodi. Alikuwa mfupi, amevaa kofia kubwa ya ngozi ya tumbili iliyofunika kichwa chote mpaka kwenye nyusi, na kibuyu begani. Alitembea polepole sana, mguu mmoja, halafu mwingine, kama aliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Alikaa mbele ya Sindano bila kutikisika. Sindano alimtazama, akapiga miayo, akalala.

"Mama," alisema mganga, "mbwa wako anakufa kwa njaa. Hizi mbavu watu wanaziona. Mpe ugali na samli, asubuhi, mchana na jioni. Mpaka mbavu zizame."

Sindano aliinua kichwa. "Mama Nyamizi, mimi si mgonjwa. Niache nikimbie. Macho yangu yako mbali, miguu yangu iko hapa."

"Wagonjwa wote husema hivyo," alisema Nyamizi, akaweka sufuria motoni.

Mnaona? Guyo alikuwa mbali, Kabula alikuwa karibu. Nyamizi alipika ugali, akatia samli, akamkalia Sindano mpaka amalize. Ya tatu ikazama, ya pili ikazama, ya kwanza ikazama. Kabula akasema, "Sasa ndiyo mbwa!" Nyamizi akapata nafuu siku mbili. Siku ya tatu akaenda shambani, akakuta matuta ya chini yameliwa mpaka kwenye mashina. Sindano alikuwa amejaribu kukimbia, akafika nusu ya uwanda, akakaa chini akahema.

Nyamizi alirudi akizunguka uani, mikono kichwani. "Ni ugonjwa," alisema. "Akipona atawafukuza wanaokula kunde. Lazima apone upesi." Akamwita mganga tena.

Mganga alikuja, mguu mmoja, halafu mwingine. Ilikuwa asubuhi ya baridi, umande umejaa, na ile kaniki Nyamizi alikuwa ameificha kwa ajili ya kicheko cha Kabula. Sindano alikuwa akitetemeka.

"Homa," alisema mganga. "Upepo umemwingia. Mfungie ndani, karibu na moto. Asitoke hata mlangoni."

"Mama Nyamizi, mimi si mgonjwa. Nifunike, kisha niache nikimbie. Macho yangu yako mbali, miguu yangu iko hapa."

"Wagonjwa wote husema hivyo," alisema Nyamizi, akafunga mlango.

Siku tatu hazikupita, matuta ya kati yaliliwa. Na ndani ya nyumba Sindano alianza kuzunguka. Moto, mlango, ukuta. Moto, mlango, ukuta. Kucha zake zikikwaruza sakafu, tik, tik, tik, mchana wote, na Nyamizi naye akizunguka nje, mlango, ua, shamba, mlango, ua, shamba. Ungewaona usingejua nani amefungiwa. Wewe uliye huko nyuma, acha kukwaruza mkeka, unanikumbusha.

Mganga alikuja mara ya tatu. Alitega sikio mlangoni. "Pepo," alinong'ona. "Pepo la mwendo. Hilo ndilo linamzungusha. Mfunge kamba kwenye nguzo ya kati, fupi, asiweze hata kugeuka."

"Mama Nyamizi—" alisema Sindano.

"Wagonjwa wote husema hivyo!" alipiga kelele Nyamizi kabla hajamaliza, akafunga fundo. Sindano aliweka kichwa chini.

Alfajiri iliyofuata Nyamizi hakuweza kukaa. Nyumba ilikuwa kimya. Zile kucha zilizomkera, sasa alizitafuta kwa masikio asizisikie. Akatoka mbio kwenda shambani.

Katikati ya matuta ya juu, yale yaliyobaki, alimkuta mganga. Amesimama wima, hatikisiki, macho yametulia. Shavu moja limevimba.

"Mganga! Unafanya nini kwenye kunde zangu?"

"Natafuta mizizi ya dawa, mama," alijibu mganga kwa shida, na jani moja la kunde likachungulia kwenye pembe ya mdomo wake.

Nyamizi alilitazama lile jani. Aliitazama ile kofia, iliyokuwa imeinuka kidogo pande mbili. Alikumbuka ule mwendo wa mtungi. Alisema tu, "Asante, mganga, kazi njema," akageuka, akatembea mpaka alipofichwa na ua. Hapo alikimbia.

Aliingia ndani akapiga magoti mbele ya nguzo. "Sindano. Unaumwa wapi?"

Sindano alifungua jicho. "Mganga amekuja mara tatu. Leo ndiyo siku ya kwanza wewe unaniuliza."

Nyamizi alilia. Sifichi, alilia mpaka kanga yake ikalowa.

"Siumwi popote," alisema Sindano. "Naumwa na kamba."

Nyamizi alikata kamba. Sasa msifikiri mbwa aliruka akamkamata Sungura, hadithi ikaisha, mkalale. Mbwa mwenye tumbo la samli haruki. Sindano alitoka mpaka mlangoni, akayumba, akakaa.

Zilibaki siku kumi na mbili kufika siku ya kupima. Nyamizi alitangaza kisimani, "Mbwa wangu anakufa. Nimemfunga ndani. Ombeni." Habari ikafika mbugani, Sungura akafurahi. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na korongo refu la mchanga, na humo ndimo Nyamizi alimpitisha Sindano kila kulipopambazuka, amemfunika kaniki. Siku ya kwanza walitembea. Siku ya tatu walikimbia kidogo, Nyamizi mbele, kanga kiunoni, anahema, kwa kuwa Sindano hakutaka kukimbia peke yake. Siku ya sita Sindano alikuwa mbele. Mvuvi wa kambare aliyemwona mjane tu akikimbia alikwenda kusema kuwa pepo la mbwa limemhamia. Chakula Sindano akapimiwa kwa kiganja. Jioni Nyamizi alipapasa ubavu. Ya kwanza ikarudi. Ya pili ikarudi. Mchana wote Nyamizi alizunguka matuta ya juu kwa miguu yake mwenyewe, ufagio mkononi, asikae hata kunywa maji, na Sungura akaona bora angoje mwanamke achoke.

Siku ya kumi ya tatu ikarudi.

Nyamizi alituma ujumbe: "Mganga, mgonjwa amezidiwa. Njoo umpunge pepo. Kijiji kizima kimekuja."

Sungura aliposikia kijiji kizima, kifua kilimpanda. Alikuja, mguu mmoja, halafu mwingine, akakuta uani watu wamejaa, ngoma mbili zimewambwa, Kabula na kayamba, hata Lugendo amesimama pembeni kuona nyumba inavyokwisha. Sindano alilala katikati ya ua, kaniki imemfunika mpaka shingoni, macho nusu.

"Mganga," alisema Nyamizi, "kwetu pepo haliondoki mpaka mganga acheze. Karibu."

"Mimi... mimi hupunga nikiwa nimekaa," alisema Sungura.

"Amekaa!" alicheka Kabula. "Mganga gani huyo? Mganga wa kwetu hucheza mpaka vumbi linafika juani."

Ngoma zikaanza.

*Toka pepo, toka!*
— *Toka!*
*Kwenu mbugani, toka!*
— *Toka!*

Sungura alitikisa bega moja tu. Watu wakaitikia. Alitikisa la pili. Kabula akapiga kigelegele. Aa, kigelegele! Nani aliyeumbwa akakistahimili? Mguu wa Sungura ukagonga chini wenyewe. Alijikaza. Wakapiga kigelegele cha pili. Kiuno kikaingia. Wakapiga cha tatu, na Sungura akasahau mbwa, akasahau kunde, akasahau yeye ni nani, akaruka juu hewani akajizungusha.

Kofia ikaruka upande wake. Masikio mawili marefu yakasimama.

"Haya," alisema Nyamizi, akavuta kaniki.

Sungura alitua akikimbia. Sindano aliondoka. Walipita katikati ya miguu ya Lugendo, wakaruka ua, wakaingia uwandani. Sungura akakata kulia, Sindano akakata kulia. Sungura akakata kushoto, Sindano akakata kushoto. Sungura akataka kujikunja akae kimya, lakini nani anaweza kukaa kimya akiwa na pumzi ya mbwa kwenye mgongo? Watu walipanda juu ya vinu na mawe kutazama. Kabula alipiga kelele kuliko wote, "Mkamate, Sindano! Mkamate, mwanangu!" Sasa amekuwa mwanawe.

Walipotelea ng'ambo ya mbuga. Nyamizi alisimama, akakaa, akasimama. Baadaye Sindano alirudi mwenyewe, ulimi nje, na manyoya ya Sungura mdomoni, kiganja kizima. Alimwekea Nyamizi miguuni, akaenda kulala mkekani. Sungura hakuonekana tena upande ule.

Basi siku ya kupima ikafika. Matuta ya juu yalitoa vikapu viwili na nusu. Nyamizi alirudi matuta ya kati na ya chini, akaokota ganda moja moja lililodondoka, akayapepeta mpaka kucha zikauma. Kikapu cha tatu kikajaa. Alivibeba kimoja kimoja mpaka uwanjani pa ukoo, Sindano nyuma yake, kaniki mgongoni, mbavu zikichungulia.

Lugendo alitia mkono katika kikapu cha kwanza mpaka chini. Kunde. Cha pili, kunde. Cha tatu, kunde. Akatazama huku na huku, akatafuta la kusema, akamwona mbwa.

"Wazee!" aliita. "Hizi kunde ameziazima. Mtazameni mbwa wake! Nyumba yenye vikapu vitatu inafuga mbwa mwenye mbavu? Pale pana njaa, shamba limemshinda."

Watu wote wakamgeukia Sindano. Kabula akatazama chini.

Siku zile nyingine Nyamizi angeona haya akamfunika mbwa wake. Siku hiyo alimvua kaniki mbele ya watu wote.

"Sogea, shemeji," alisema. "Hesabu."

Lugendo alihesabu kwa kidole. "Moja. Mbili. Tatu."

"Ya nne ipo?"

Lugendo alipapasa. "Haipo."

"Basi ana chakula. Nilipomshibisha mpaka mkampenda, shamba lililiwa. Hizi mbavu tatu ndizo zilizojaza vikapu vitatu. Wewe hesabu tena kama hujaridhika, mimi nina kazi, mbwa wangu hajakimbia tangu asubuhi."

Akaondoka zake. Watu wa ukoo wakacheka mpaka Lugendo naye akakosa pa kuuweka uso. Shamba likawa la Nyamizi. Na kwa mara ya kwanza tangu msiba, alirudi nyumbani akakaa chini, na hakuinuka mpaka uji ukapoa.

Na Sungura? Mpaka leo, akiona mbwa, hujikunja kwenye majani akakaa kimya kabisa, hata pua haitikisiki. Anaomba ngoma isilie.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaofuga, na ninyi mnaolea. Uliyenaye nyumbani mtunze alivyo, si kama majirani wanavyotaka kumwona. Na kabla hujamwita mganga, muulize mwenyewe anaumwa wapi.

Hadithi imesimama!

— Inataka nini?

Inataka mlango!

— Ifungulie!

Imetoka, imeenda uwandani. Atakayeikuta na aikimbize, mimi nimechoka.